Bafu la Dharura Nalo Lipangiwe Zamu

Katika kambi zetu hakuna chombo cha kuokoa maisha kinachoachwa kijilinde chenyewe. Bunduki ambayo haijafyatua risasi mwaka mzima husafishwa na kupakwa mafuta, kwa sababu tangu siku za ukurutu askari hufundishwa kwamba silaha haiarifiwi mapema siku itakayohitajika. Kizima-moto kina kadi yake shingoni yenye tarehe ya ukaguzi. Hata tarumbeta la kota gadi lina mwenyewe, naye ndiye huulizwa likipotea. Hata hivyo kipo chombo kimoja ambacho katika sehemu nyingi hakina zamu, hakina kadi wala mwenyewe, nacho ni bafu la dharura pamoja na bomba la kuoshea macho, vile vinavyowekwa ndani ya maabara na katika vyumba vya kuchajia betri ili mtu akimwagikiwa na asidi apate maji tele papo hapo. Hoja yangu katika ukurasa huu ni moja. Chombo hicho kikaguliwe kila wiki kwa amri iliyoandikwa, na jina la anayekikagua lijulikane. Pasipo hayo ni afadhali kisifungwe kabisa, maana bomba bovu humwibia majeruhi sekunde ambazo angezitumia kukimbilia ndoo.

Huenda askari wa miguu akauliza maabara inamhusu nini. Inamhusu sana. Damu yake hupimwa malaria katika maabara ya jeshi, na kohozi lake likishukiwa kuwa na kifua kikuu hupakwa juu ya kioo, likatiwa rangi iliyochanganywa na fenoli, kisha likaoshwa kwa asidi, ambayo mara nyingi ni asidi ya salfa. Anayechunguza ugonjwa wa ukungu wa ngozi hutumia potasi kali. Kwa upande wa ndugu zetu wa polisi, bunduki iliyokamatwa ikiwa imekwanguliwa namba zake hurudishiwa namba hizo kwa kupakwa dawa yenye asidi ya hidrokloriki, ambayo hula chuma na kuifufua alama iliyozikwa. Unga unaoshukiwa kuwa dawa ya kulevya hudondoshewa dawa ya kupimia iliyotengenezwa kwa asidi ya salfa isiyozimuliwa pamoja na fomalini. Na hata mahali pasipo na maabara kabisa, kila kikosi chenye magari na redio kina betri, na ndani ya betri iliyojaa nguvu zaidi ya theluthi ya uzito wa yale maji ni asidi ya salfa. Betri inayochajiwa hutoa hewa ya hidrojeni. Cheche moja ya waya ikigusana na hewa hiyo, betri hupasuka, na kinachoruka humfika mtu usoni kabla hajafumba macho.

Kwa hiyo mtu anayesimama karibu na hatari hii si mwanasayansi peke yake. Ni koplo wa karakana, ni konstebo aliyetumwa kupeleka kielelezo, ni yule kijana wa fatiki anayefagia chini ya meza asijue chupa iliyo juu yake ina nini.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba katika ajali za namna hii adui ni muda. Asidi ikigusa jicho huunguza, lakini mara nyingi uunguzaji huo wenyewe hugandisha nyama ya juu na kufanya kama ukuta unaoizuia isizame upesi. Potasi, soda kali, amonia na chokaa ambayo haijazimwa hazina huruma hata ya namna hiyo. Hizo huyeyusha mafuta ya nyama na kuendelea kuzama ndani, na mtu anaweza kudhani amepata nafuu huku jicho likiendelea kuliwa. Fenoli ina hila nyingine, kwani hufisha ganzi pale inapounguza, hata askari jasiri anayejipima kwa maumivu akadanganyika kwamba hakuna jambo. Katika hali zote hizo tiba ya kwanza ni moja, maji mengi, mara moja, kwa muda mrefu.

Mengi kiasi gani? Kiwango kinachofuatwa zaidi duniani ni kile cha Marekani kiitwacho ANSI/ISEA Z358.1, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1981 na kurekebishwa mara kadhaa, pamoja na mwaka 2014. Kiwango hicho chataka bafu la dharura litoe karibu lita 76 kila dakika kwa dakika 15 mfululizo, na bomba la macho litoe walau lita moja na nusu kila dakika kwa muda huo huo. Chombo kiwe mahali ambapo majeruhi anaweza kufika ndani ya sekunde 10, bila ngazi na bila kizuizi njiani. Vali ifunguke kwa sekunde moja, kisha ibaki wazi yenyewe bila kushikwa, kwa sababu mikono ya majeruhi ina kazi nyingine, nayo ni kupanua kope. Maji yawe ya uvuguvugu, yasipungue nyuzi 16 wala kuzidi nyuzi 38 za Selsiasi. Na kila wiki chombo kifunguliwe, kila mwaka kikaguliwe chote.

Hesabu hiyo tuiweke katika jerikeni, kwa kuwa ndicho kipimo cha maji kinachojulikana na kila mtu hapa Uganda. Lita 76 kwa dakika 15 ni zaidi ya lita 1,130, yaani jerikeni 57 za lita 20. Hapo ndipo inapoonekana jinsi tunavyojidanganya pale tunapofunga bafu zuri la rangi ya kijani na kuliunganisha kwa bomba jembamba kwenye tangi dogo ambalo hilo hilo hupeleka maji jikoni. Bafu hilo litamwosha majeruhi kwa dakika mbili, kisha litamwachia matone. Lakini tazama upande wa pili wa hesabu. Bomba la macho kwa dakika 15 lahitaji lita 22 na nusu tu, zaidi kidogo ya jerikeni moja. Hakuna kituo katika nchi hii, hata kiwe mpakani kabisa, kinachoweza kusema kimeshindwa kupata jerikeni mbili za maji safi kwa ajili ya macho ya askari wake.

Kupima nako hakuhitaji mashine. Weka jerikeni tupu chini ya bafu, vuta kishikio, tazama saa. Ikijaa ndani ya sekunde 16, bafu liko sawa. Kwa bomba la macho chukua ile chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, nayo ijae kabla ya dakika kwisha. Mkandarasi akikabidhi kazi, afisa anayepokea asitie sahihi kabla ya kuona jerikeni na saa kwa macho yake. Rangi ya bomba na cheti cha kiwandani havimhusu majeruhi.

Sasa niseme jambo lililonifanya nishike kalamu. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, koplo wa chumba cha betri alipasukiwa na betri usoni. Bomba la kuoshea macho lilikuwapo, hatua saba kutoka mezani pake, na alama yake ukutani ilikuwa safi. Akalifikia kwa kupapasa, akasukuma kibao. Likatoka funda moja la maji ya rangi ya chai, kisha hewa. Ilibainika baadaye kwamba vali ya nyuma ya ukuta ilikuwa imefungwa na fundi aliyekuja kutengeneza choo cha upande wa pili, akamaliza choo, akaenda zake. Hakuna aliyejua ni lini, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulifungua bomba lile tangu lilipozinduliwa. Wenzake walimwosha kwa maji ya birika na ya chupa walizokuwa nazo, wakiyapima kama watu wa jangwani. Jicho la kulia lilipona. La kushoto huona mwanga na giza, basi.

Ofisi yangu ilitakiwa kuandika taarifa, nikaenda kumwona wodini. Hakulalamika wala hakumlaumu mtu. Aliniuliza tu, “Afande, lile bomba lilikuwa la nani?”

Niliuliza kwa niaba yake. Mkuu wa chumba alisema ni la wahandisi, kwa kuwa ni bomba. Wahandisi walisema ni la stoo, kwa kuwa lilinunuliwa kama vifaa. Stoo ilisema likishafungwa ukutani limetoka katika vitabu vyake. Watu wa tiba walisema wao hupokea majeruhi, hawafungi mabomba. Kila jibu lilikuwa sahihi kwa kanuni za idara yake, na koplo yule hana jicho. Tangu siku ile, kila ninapoingia katika chumba chenye bomba la namna ile, swali langu la kwanza kwa mwenyeji huwa ni lile lile la koplo. Mara nyingi wenyeji hutazamana.

Nafahamu hoja za wale wasioona umuhimu wa jambo hili, na nyingine si za kipuuzi. Wapo wasemao kwamba kufungua maji kila wiki ni kuyapoteza, nasi tuko katika sehemu ambazo wananchi wa jirani huteka maji mbali. Hoja hiyo ina heshima yake. Lakini maji ya kupima hayalazimiki kumwagwa. Yakikingwa katika pipa, yatafaa kufulia, kuoshea gari au kumwagilia miche. Isitoshe, maji yaliyolala ndani ya bomba kwa miezi si maji tena. Humo huota kutu, na humo huzaliana vijidudu, wakiwamo wa jamii ya amiba ambao hupenda kioo cha jicho na kukifanyia vidonda vigumu kutibika, tena jicho lililokwisha kuunguzwa na dawa ndilo huwakaribisha zaidi. Kuyatoa maji hayo kila wiki mpaka yatoke meupe ni sehemu ya tiba.

Wengine husema ajali ni chache, na mwaka unaweza kupita bila hata moja. Ni kweli. Mwaka unaweza pia kupita bila adui kuvamia kambi, na hakuna kamanda aliyewahi kuiondoa kota gadi kwa sababu hiyo.

Ipo sababu nyingine ambayo haisemwi katika mikutano lakini ndiyo inayozuia majaribio mengi zaidi, nayo ni kwamba mabafu mengi hujengwa bila shimo la kupokea maji sakafuni. Ukilivuta, chumba kizima hufurika, karatasi hulowa, na maji hukimbilia plagi za umeme. Basi mkuu wa maabara, ambaye ni mtu mwangalifu, hukataza lisiguswe. Namwelewa. Ila dawa ya kosa hilo si kulinyamazia. Mahali panapojengwa upya, sakafu ipewe mteremko na mfereji wa kupeleka maji nje, na plagi ziwekwe mbali. Mahali palipokwisha kujengwa, mafundi hufunga turubai jembamba la plastiki kama mkono wa shati kuzunguka kichwa cha bafu, likashuka hadi ndani ya pipa lenye magurudumu, na jaribio likafanyika bila tone kugusa sakafu. Fundi cherehani wa kikosi aweza kulishona asubuhi moja.

Halafu kuna kufuli. Nimeona vali kuu ya bafu ikiwa imefungwa kwa kufuli ili koki zake za shaba zisiibiwe, na ufunguo uko kwa sajini wa stoo, na sajini yuko likizo. Vali kuu yapaswa kufungwa kufuli ikiwa wazi, si ikiwa imefungwa, kusudi fundi wa choo asiweze kuigusa bila ruhusa. Shaba ikihofiwa wezi, ulinzi uongezwe mlangoni.

Mtu asidhani kwamba haya ni matatizo ya nchi zenye uhaba peke yake. Tarehe 29 Desemba 2008, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, msaidizi wa utafiti mwenye umri wa miaka 23 alikuwa akivuta kwa sindano dawa ambayo huwaka moto ikigusa hewa. Sindano ikaachana, dawa ikawaka, na fulana yake ya nyuzi za kiwandani ikashika moto, kwa kuwa hakuwa amevaa koti la maabara. Bafu la dharura lilikuwapo. Halikutumika. Alifariki siku 18 baadaye, tarehe 16 Januari 2009, na chuo pamoja na profesa aliyesimamia maabara ile wakafikishwa mahakamani. Chuo kile hakikukosa maji wala fedha. Katika mshtuko wa sekunde zile, mtu hafanyi anachokijua, hufanya alichozoea, na mkono wa mtu hauwezi kuzoea kishikio ambacho haujawahi kukivuta.

Hapa ndipo jeshi na polisi tunapowazidi watu wa vyuo vikuu, kama tukitaka. Sisi tunajua kazi ya zoezi. Askari wetu hufungua na kufunga bunduki akiwa amefungwa kitambaa machoni, kwa sababu usiku wa vita hautakuwa na taa. Zoezi la bomba la macho ni hilo hilo. Aliyemwagikiwa na asidi ni kipofu kwa wakati ule. Basi kila anayefanya kazi ndani ya chumba kile afungwe kitambaa, azungushwe mara mbili, na atakiwe kufika kwenye bomba, kulifungua na kuinamisha uso, huku sajini akihesabu hadi 10. Mara ya kwanza atagonga kiti, au sanduku la vioo ambalo mtu aliliweka njiani “kwa muda tu” tangu mwezi uliopita. Ni vema aligonge siku hiyo.

Mwenzake naye afundishwe sehemu yake. Amshike mabega, amwongoze, amsaidie kupanua kope kwa vidole, maana jicho lililounguzwa hujifunga lenyewe kwa nguvu na maji hupita juu tu. Amwambie azungushe macho juu, chini na pembeni. Ikiwa ni jicho moja, maji yatiririke kutoka upande wa pua kwenda nje, yasilichafue lililo zima. Ikiwa ni unga mkavu kama chokaa, upanguswe kwanza upesi kabla ya maji. Asitie maziwa, asitie ndimu wala magadi kwa kufikiri kwamba kimoja kitaua kingine, kwa sababu michanganyiko hiyo huleta joto jipya juu ya jeraha, na wakati wa kuitafuta ndio wakati wa kupoteza jicho. Dakika 15 zihesabiwe kwa saa, kwa kuwa kwa majeruhi dakika tatu ni kama nusu ya siku, na mara zote ataomba aachiwe mapema. Mtu wa tatu aite gari, na jina la dawa liandikwe liende na majeruhi hospitali, kwa kuwa daktari atauliza hilo kabla ya kuuliza jina la mtu.

Kuhusu bafu lenyewe lipo jambo la haya, nalo lisemwe wazi. Nguo iliyolowa asidi ni asidi iliyovaliwa. Askari lazima avue sare, mkanda, viatu na soksi huku maji yakimpiga, na viatu vya jeshi hasa hunywea dawa na kuitunza dhidi ya ngozi. Lakini meja hatapenda kuvua sare mbele ya makuruta, na binti wa maabara hatapenda kuvua mbele ya yeyote. Wamefundishwa heshima, na heshima hiyo ni njema, ila katika dakika ile yaweza kuwaunguza. Pazia la plastiki na blanketi mbili safi zilizotundikwa kando ya bafu hugharimu kidogo mno kulinganisha na ngozi ya mtu. Amri nayo itamke kwamba mbele ya bafu hilo hakuna cheo, na anayesita avuliwe.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Kiwango cha Marekani kinapotaka maji ya uvuguvugu, baadhi ya wasomaji watadhani ni anasa. Hebu fikirini tangi jeusi juu ya paa huko Moroto saa nane mchana, na bomba lake limepita juani ukutani. Maji ya kwanza kutoka hapo yaweza kuunguza jicho kwa upande wake. Kisha fikirini Kabale alfajiri, ambako mtu akisimama uchi chini ya maji ya usiku hawezi kuvumilia dakika tano, sembuse 15. Huko Moroto bomba lifukiwe ardhini na tangi liwekewe kivuli. Huko Kabale tangi liwe ndani ya jengo, na mahali penye umeme wa kutosha maji yapashwe moto kwa kipimo. Fundi anayejenga kwa ramani moja nchi nzima hajasoma ramani ya nchi.

Mimi ni afisa uhusiano, na kazi yangu hunipeleka mara kwa mara na wageni kuzuru hospitali na karakana. Wageni hupenda kupiga picha vifaa vya rangi. Naomba makamanda wasinielewe vibaya nikisema kwamba siku za ziara ndizo siku mbaya kabisa za kulijua bomba, kwa kuwa siku hizo kila kitu hung'aa. Vifuniko vya vumbi huwa vimefutwa na alama imepakwa upya. Hakuna mgeni anayeomba maji yafunguliwe. Kadi ya ukaguzi nayo yaweza kusema uongo kwa sauti ya upole. Nimewahi kuona kadi yenye wiki 12 zilizotiwa sahihi kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, na wino uliokauka siku moja. Kadi kama hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa na kadi, na aliyeitia sahihi hana tofauti na mlinzi aliyelala zamuni.

Kwa hiyo napendekeza amri yenyewe iwe fupi, iingizwe katika Amri za Kudumu za kikosi au kituo, na isomwe kama zinavyosomwa nyingine. Mwenyewe wa chombo awe mkuu wa chumba kilimo, si fundi wa mabomba wala mtu wa stoo. Fundi huitwa kutengeneza, stoo huitwa kutoa vipuri, lakini anayeulizwa ni mmoja. Kila Jumatatu kabla ya kazi kuanza, askari mwenye zamu afungue bomba la macho na bafu mpaka maji yatoke meupe, aangalie kwamba vifuniko vinaruka vyenyewe, kwamba maji yanatoka pande zote mbili sawasawa, kwamba vali inabaki wazi ikiachiwa, na kwamba njia ni nyeupe. Aandike tarehe, saa, namba yake, cheo na jina. Kazi hiyo haizidi dakika 10. Afisa wa zamu, akiwa katika mzunguko wake, avute kishikio mwenyewe bila kutangaza, siku yoyote aipendayo. Bomba likikutwa bovu, kazi ya asidi katika chumba kile isimame mpaka litengenezwe, kama vile gari lisilo na breki lisivyotolewa getini, hata kamanda awe na haraka gani.

Hiyo sharti ya mwisho ndiyo itakayopingwa. Makohozi yatasubiri, vielelezo vya mahakama vitasubiri, betri za redio zitasubiri, na wakubwa watapiga simu. Wacha wapige. Nimefuatilia mambo haya kwa muda na sijaona njia nyingine inayofanya vipuri vitoke stoo upesi. Bomba bovu lisilomzuia mtu kazi hukaa bovu mwaka mzima. Lile linalosimamisha kazi ya mkubwa hutengenezwa kabla ya chakula cha mchana.

Kwa vituo visivyo na maji ya bomba, na hivyo ni vingi, wasingoje mradi. Jerikeni mbili mpya, ambazo hazijawahi kubeba mafuta, zifungwe juu ya rafu imara kwa urefu wa kidevu cha mtu aliyeinama, zikiwa na koki moja pana inayofunguka kwa kusukuma na mipira miwili laini inayotazama juu. Maji yawe safi ya kunywa, yabadilishwe kila Jumatatu, na tarehe iandikwe ubavuni kwa rangi, mahali ambapo afisa wa zamu ataisoma akiwa mlangoni. Kando yake liwekwe pipa la maji lililofunikwa, na kopo, kwa ajili ya mwili. Vifaa hivyo havifikii kiwango cha Marekani. Lakini koplo yule niliyemweleza angevikuta vina maji, na juu ya pipa angeliona jina la mtu.